Chenso Isiyotetemesha Mikono

Wegesa alimimina uji wa mtama kwenye kikombe cha bati, akaishia chini ya nusu, akakisukuma mezani hadi mbele ya mumewe. Hakuwa amemjazia kikombe tangu mwaka ule binti yao Robi alipomaliza darasa la saba. Filemoni alikishika kwa mikono miwili, uji ukafanya mawimbi na kupanda kuta za kikombe, akainamisha kichwa na kuunywa haraka kabla haujammwagikia kifuani. Alipokirudisha mezani, kikombe kiliendelea kutetemeka peke yake na kusogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Wegesa alikizuia kwa kopo la chumvi, akaendelea kuchambua maharage.

Filemoni alikuwa mkata miti. Katika kijiji cha Nyamekoro na vijiji vya jirani, juu kule kwenye vilima vya Tarime, mti ukiwa mnene kiasi cha kuwashinda watu wawili kuukumbatia, aliitwa yeye. Chenso yake, msumeno wa injini, aliinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu mwingine. Injini ilikuwa na nguvu za kutosha, lakini springi zilizopaswa kuitenganisha na mishikio zilikuwa zimekufa zamani, na raba zilikuwa zimeliwa na oili. Ukiiwasha, meno yaligongana kinywani. Mwanzoni vidole vya Filemoni vilikufa ganzi. Halafu vikaanza kuwa vyeupe kama chaki asubuhi za baridi. Halafu, jioni moja, alizima mashine na mtetemo ukakataa kubaki ndani yake. Ulimfuata nyumbani.

Nesi wa zahanati, dada aliyehamishiwa huku kutoka Lindi, alimpa dawa ya maumivu na kumshauri apumzike. Waliagana kwa kushikana mikono, na nesi hakuweza kumchoma mtu sindano hadi kesho yake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alichokishika Filemoni kilibaki kikitetemeka baada yake. Kuku aliyemkamata ili amfungie alitaga yai lililokwisha kukorogwa ndani ya ganda. Maziwa aliyoyabeba kwenye kibuyu kutoka zizini yalifika mlangoni yakiwa siagi. Majirani waliiona faida mapema. Kila asubuhi palikuwa na vibuyu vimepangwa kando ya ukuta wake, naye alivipitia kimoja kimoja kabla ya kwenda kazini, akivishika tu. Wegesa hakupenda mumewe aitwe mashine ya siagi, lakini alijitengea sehemu yake katika kila kibuyu. Kanisani, mwinjilisti aliacha kumpa mkono wa amani, kwa sababu Jumapili ya mwisho aliyompa, amani ile ilipita benchi hadi benchi ikaifikia kwaya, na kwaya ikaimba wimbo wa kufunga kwa sauti za mbuzi. Wageni waliotoka Musoma waliisifu sana.

Mambo yangeendelea hivyo kama Robi asingejifungua. Alikuwa ameolewa na kijana anayechimba dhahabu kwenye mashimo madogo huko Matongo, na baada ya kupata mtoto alirudi kwa wazazi wake kupumzika. Alikuja kwa bodaboda, mtoto kifuani, amefunikwa kanga mbili. Alikuwa mtoto wa kike, wamemwita Gift. Robi alimwamkia baba yake shikamoo, akaitikiwa, kisha akamnyooshea mtoto.

"Mpakate, tata."

Filemoni alikuwa ameikalia mikono yake. Alisema ana jasho. Alisema ana harufu ya petroli. Robi akasema petroli si kitu, yeye mwenyewe amekulia ndani ya harufu hiyo, akamweka mtoto mapajani kwake, na baba akalazimika kutoa mikono ili asianguke. Alimshika kwa muda mfupi sana. Maziwa aliyokuwa amenyonya mtoto yaliganda tumboni, na kope zake zikabaki zikipepesa hata baada ya kurudishwa kwa mama yake. Alilia hadi jua likazama. Filemoni alitoka nje akaenda kusimama nyuma ya zizi. Alipoegemea uzio, ng'ombe wote wakaanza kutetemeka, akaona afadhali asiegemee kitu.

Kesho yake alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kumwambia kwamba hatakata mti mwingine kwa chenso ile.

Mwenyekiti Revocatus alilichukua jambo hilo kwa uzito, kwa kuwa lilikuja wakati mbaya. Nyamekoro ilikuwa na msitu mdogo wa mivule uliozunguka chemchemi, miti ambayo hakuna mtu aliyeikumbuka ikiwa midogo. Mkutano wa kijiji ulikuwa umekubali ikatwe michache iliyozeeka, zitoke mbao za madawati, maana watoto wa shule ya msingi walikuwa wakisoma wamekaa chini. Neno "michache" lilikuwa limeanza kunenepa tangu siku ile ya mkutano. Na mvule wa pale, ukiangushwa na mtu asiyejua, ungelala juu ya chemchemi yenyewe, na hapo hata wasiopenda kuuliza wangeuliza. Mwenyekiti alimhitaji Filemoni. Basi kamati ikaamua kwamba kijiji kitanunua chenso mpya, yenye nguvu za kuangusha mti mkubwa na isiyotetemesha mikono.

Safari ya Sirari, mji wa mpakani, ilifanywa na kamati nzima. Alikuwepo mwenyekiti. Alikuwepo Anselm, mtendaji wa kijiji, kijana msomi kutoka Bukoba aliyevaa suti hata siku ya gulio. Walikuwepo wajumbe ambao hawajawahi kushika chenso lakini walikuwa na maoni juu yake. Gari lilipojaa wataalamu, Filemoni alifuata nyuma kwa bodaboda.

Muuzaji aliitwa Ezra. Alikuwa Mkurya aliyekulia upande wa pili wa mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa cha upande ule. Aliwawekea mashine tatu juu ya meza.

Ya kwanza ilikuwa ndogo na nyepesi. Anselm aliipenda papo hapo, akaiinua kwa mkono mmoja na kuomba apigwe picha. Ezra alimweleza kwamba hiyo ni ya kupunguzia matawi ya parachichi. Ukiipeleka kwa mvule itatoa moshi mpaka ife, na mvule hautajua kama kulikuja mtu. Ya pili ilikuwa na injini kubwa na bapa refu la kubebea mnyororo, lakini mishikio yake ilifungwa kwa boliti moja kwa moja kwenye injini. Ilipowashwa, kalenda ilianguka ukutani. Mwenyekiti aliipenda kwa kelele zake. Alisema mradi wa maendeleo lazima usikike. Mjumbe mmoja aliuliza kama inapatikana ya rangi ya buluu, ifanane na sketi za shule, kwa kuwa mradi ni wa madawati.

Ya tatu ilikuwa na injini kubwa vilevile, bapa refu kuliko mkono wa mtu, breki ya kusimamisha mnyororo mashine ikiruka, na mishikio iliyoning'inizwa kwa springi, isigusane na injini mahali popote. Ezra aliiwasha, akasimamisha chupa ya soda juu ya mshikio. Soda ilitulia kama iko kabatini.

"Hii kitu, mzee, haisumbui mkono," alimwambia Filemoni. "Shika. Utaskia ni kama umebeba paka amelala."

Filemoni alikata gogo nyuma ya duka. Mnyororo uliingia kwenye mti kama kisu kwenye ndizi iliyoiva. Alipoizima mashine, aliitazama mikono yake. Ilikuwa bado inatetemeka, lakini kwa mtetemo ule wa zamani tu, haikuongezewa kitu. Akauliza swali ambalo kamati haikuwa imelifikiria. Aliuliza mtetemo umeenda wapi.

"Mtetemo haupotei," Ezra alisema, akifuta bapa kwa kitambaa. "Injini kubwa hivi lazima itetemeshe kitu. Zile za bei ya chini zinampiga fundi. Hii imeundwa ipeleke kwa mwenye mti."

Alilisema kwa sauti ileile aliyotumia kueleza jinsi ya kuchanganya petroli na oili, na alipomaliza akaendelea na jinsi ya kunoa mnyororo.

Kamati ililijadili suala hilo mbele ya sinia la nyama ya mbuzi. Mwenyekiti hakuona tatizo. Mivule ni ya kijiji, alisema, na kijiji ni wananchi. Mtetemo ukigawanywa kwa wananchi wote, kila mmoja atapata kiasi cha kuwashwa sikio. Anselm alisema huo ndio ushirikishwaji wa jamii ambao wamekuwa wakihimizwa kwenye semina. Wajumbe walikubali kwa vichwa, midomo ikiwa na kazi nyingine, na chenso ikanunuliwa.

Siku ya kuangusha mvule wa kwanza, Nyamekoro ilijiandaa kupokea mgawo wake. Wegesa alishusha vyungu kutoka juu ya kichanja. Mzee mmoja mwenye jino lililolegea alijifunga kitambaa kidevuni. Shuleni, mwalimu Rhoda aliwaambia watoto wafunge madaftari, wasije wakaharibu mwandiko. Huko chemchemini Filemoni alivaa kofia ngumu, akaweka breki, akavuta kamba. Mashine ilinguruma, mnyororo ukaingia kwenye gome, na kijijini hakuna kilichotikisika. Mwalimu Rhoda alijaribu kuchora mstari ubaoni, ukanyooka. Akawaambia watoto wafungue madaftari.

Kisha mabati ya nyumba ya mwenyekiti yakaanza kulia. Sufuria zilitoka jikoni moja baada ya nyingine na kushuka ngazi. Mke wa mwenyekiti aliikumbatia televisheni. Kwa mtendaji Anselm, vioo vya madirisha vilitoka kwenye fremu vikalala nyasini bila kuvunjika, na baadaye ikaja habari kutoka Turwa, mjini, kwamba ile nyumba anayoijenga huko, ambayo watu wa Nyamekoro hawakuwa na habari nayo, ilikuwa imeteremsha matofali yake ya juu mbele ya mafundi. Mvule ulipoanguka na Filemoni akazima mashine, kila kitu kilitulia.

Mama aliyekuwa akikaanga mandazi kando ya barabara alikuwa akiyaangalia mabati ya mwenyekiti tangu mwanzo.

"Kumbe miti ni yao," alisema, akageuza mandazi upande wa pili.

Uliitishwa mkutano wa kijiji. Haukuitishwa kwa ajili ya mtetemo, uliitishwa kwa ajili ya chanjo ya ng'ombe, lakini Kornelio, mfugaji mwenye tabia ya kukaa mbele, alisimama. Alisema walielezwa kwamba miti ni ya kijiji. Sasa umekatwa wa kwanza, na mtetemo umekwenda kwa mwenyekiti na kwa mtendaji, na mwingine umeteremka hadi mjini. Aliomba ufafanuzi.

Revocatus hakukasirika. Alisimama taratibu, akaweka koti lake sawa.

"Ndugu zangu, hata mimi nilikuwa sijui," alisema. "Nilidhani miti ni ya kijiji, kama mlivyodhani ninyi. Lakini mashine hii haina ukoo, haina chama, haijui mimi ni nani. Imemtafuta mwenye mti, ikaja kwangu. Nani mwingine ambaye nyumba yake ilitetemeka? Anyooshe mkono."

Watu waliangaliana. Hakuna aliyetaka kudanganya mbele ya mkutano. Anselm alikuwa na haki ya kunyoosha mkono, lakini aliona si mahali pake. Kornelio aliketi. Wakirudi makwao, wengi walikubaliana kwamba mwenyekiti alijieleza vizuri, na kwamba ni heri kuwa na kiongozi asiyeficha.

Baada ya hapo mivule ilikatwa bila mtu kuuliza, na lori lililofunikwa turubai lilipanda tupu na kushuka limejaa, likielekea Sirari. Kutetemeka kukawa heshima. Mke wa mwenyekiti alifunga makabati kwa kamba kwenye nguzo na kujifunza kumimina chai kwa kuufuata mwendo wa nyumba, na wageni walioloa chai waliondoka wakiwaonyesha wengine walivyoloa. Mwenyekiti mwenyewe alianza kuzungumza kwa sauti yenye mawimbi, hata siku ambazo chenso ilikuwa imepumzika, na watu wakasema ndiyo sauti ya uongozi. Alikuja mkaguzi mmoja wa misitu kwa gari lenye antena, akaikagua chemchemi akiwa ndani ya gari, akala, akaondoka. Baadaye ikasikika kwamba mlango mpya wa nyumba yake unabisha hodi wenyewe. Mwinjilisti alipewa mbao za kutengenezea mimbari, na mahubiri yake yakapata uzito. Waliokosa walifanya walichoweza. Palikuwa na familia iliyowaweka watoto nyuma ya nyumba watikise ukuta kila mgeni alipokaribia, na wazee wa posa, wakishakubaliana ng'ombe, walianza kuuliza kama kwao bwana harusi kunatetemeka.

Mikono ya Filemoni ilitulia. Haikutulia kwa siku moja. Ilitulia kama tope linavyoshuka chini ya maji. Majirani walilalamika kwamba siagi imekwisha, wakachukua vibuyu vyao na kurudi kuvitikisa wenyewe kama zamani. Vidole vikapata rangi. Asubuhi moja Wegesa alijaza uji hadi ukingoni, na Filemoni akaunywa kichwa kimeinuka. Siku hiyohiyo alimwomba Robi mtoto.

Alimpakata kuanzia mchana hadi mbuzi waliporudi. Gift alimtazama, akamshika ndevu, akalala. Mbuzi waliingia kwenye bustani ya sukumawiki wakaimaliza, naye aliwaona, na hakuinuka. Robi alipotaka kumpokea mtoto, alisema bado. Wegesa alisimama mlangoni akiwaangalia, halafu akaingia ndani na kukunja nguo ambazo alikuwa ameshazikunja.

Lakini Wegesa ndiye aliyekuwa akichota maji. Chemchemi ilikuwa imezoea kukaa kivulini, na kivuli kilikuwa kimeondoka na lori. Kwanza maji yalichelewa kujaza ndoo. Halafu yakaanza kuja na matope.

"Maji yanakwisha, Baba Robi," alimwambia jioni moja.

"Nimeona."

"Umeona. Na kesho?"

Filemoni alisema kesho ni ule mkubwa wa upande wa mawio. Wegesa alizidi kumtazama, na mumewe akataka kujieleza. Alisema zamani alikuwa akiua miti na mikono yake pamoja. Sasa anaua miti tu. Alidhani maneno hayo yangemfariji mmoja wao. Wegesa alichukua ungo akatoka nje.

Kornelio naye alimfuata huko huko chemchemini, fimbo ya kuchungia mabegani, akasubiri hadi mashine ilipozimwa. Walikuwa wametahiriwa msimu mmoja na waliweza kuambiana mambo. Alimwita mura, kama wanarika waitanavyo, akamuuliza chenso anayo nani, kama si yeye? Akiiweka chini, nani ataikata hii miti? Filemoni alijibu kwamba ataletwa mtu kutoka Sirari, asiyepajua, ataiangusha miti juu ya maji. Yeye angalau anaiangusha vizuri.

"Ndiyo," Kornelio alisema. "Unaiangusha vizuri, na maji yanakauka vizuri."

Filemoni alifuta mikono kwenye suruali. Alimnyooshea mkono waagane, na Kornelio, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimsalimia kwa mbali, aliushika. Aliushika kwa muda, akiusikiliza. Ulikuwa mkavu, wenye joto, umetulia kabisa.

"Umepona kweli," alisema, na akashindwa kuendelea na yale aliyokuja kuyasema. Aliswaga ng'ombe wake akaenda.

Ulipobaki mvule mmoja, mwenyekiti alimpa Filemoni mbao chache za pembeni, zile ambazo lori halikuzitaka, kama shukrani. Alizipiga randa mwenyewe. Mikono ambayo zamani isingeweza kushika msumari ilitengeneza kitanda kidogo cha mtoto, chenye uzio wa kumzuia asianguke, na kila kona aliilainisha kwa msasa hadi ukipitisha shavu husikii kitu. Gift alilazwa humo. Robi alisema hata watoto wa mjini hawana kitanda kama kile, na Filemoni akajifanya hakusikia ili aseme tena.

Siku iliyofuata aliuangusha mvule wa mwisho. Ulilala pale alipotaka ulale, mbali na chemchemi, ingawa chemchemi yenyewe sasa ilikuwa shimo la matope lenye kwato za ng'ombe. Alirudi nyumbani alasiri. Wegesa alikuwa ameketi chini kando ya kitanda, kiganja kikiwa juu ya ubao.

"Kitanda kilitetemeka leo," alisema.

"Mtoto alilia?"

"Hapana. Alilala vizuri." Akaupapasa ubao. "Kwa hiyo na sisi tumo."

"Kidogo," alisema Filemoni.

Madawati hayakuja. Mwalimu Rhoda alipoulizia, alijibiwa kwamba mbao zinakauka, jambo ambalo huenda lilikuwa kweli, kule zilikokuwa. Watoto waliendelea kukaa chini na kuandikia magotini. Wanawake wa Nyamekoro walianza kwenda kuchota maji ng'ambo ya kilima, kwenye msitu mwingine wenye chemchemi yake, wakitoka alfajiri na kurudi jua likiwa limepanda.

Kilichowasumbua wakubwa ni utulivu. Nyumba ya mwenyekiti ilinyamaza kama nyumba yoyote, na yeye, mkewe na watoto wao hawakuweza tena kupata usingizi ndani yake. Walijaribu kuweka redio chini ya godoro. Walijaribu kumwajiri mtu awe anatikisa kitanda, akachoka, akalala yeye. Anselm alifika ofisini macho mekundu na kupiga mihuri kwenye meza. Mwinjilisti alipoteza maneno katikati ya mahubiri, akaishika mimbari na kuitikisa kwa mikono yake, lakini waumini waliona haikutoka moyoni. Hata wale wasiokuwa na ubao mmoja walikosa raha, kwa sababu ilikuwa vigumu kumheshimu mtu aliyetulia.

Na Gift, baada ya kuonja usingizi ule siku moja tu, hakulala tena. Alilazwa kwenye kitanda chake, akatazama juu, akasubiri, akalia. Filemoni alipiga magoti akashika uzio na kukitikisa, lakini mikono yake ilikuwa imesahau kazi hiyo. Ilikitikisa kama mtu anayejaribu mlango uliofungwa, na mtoto akazidi kulia. Robi alimbeba mgongoni akizunguka ua hadi miguu ikavimba. Alisema atarudi Matongo kwa mumewe. Huko kuna makarasha yanayosaga mawe kutwa, ardhi haitulii, labda mtoto atalala. Filemoni alimwomba angoje kidogo. Hakusema angoje nini.

Mkutano uliitishwa. Mwenyekiti alisimama macho yamevimba. Alisema suala la madawati linamkosesha usingizi, na kila aliyemtazama aliona ni kweli hana usingizi. Alisema ng'ambo ya kilima kuna mivule michache iliyozeeka. Watu walipiga makofi, wengine kwa huruma tu. Kornelio aliuliza, safari hii akiwa ameketi, kama inajulikana miti ile ni ya nani.

"Mashine itatuambia," alisema mwenyekiti, na jibu likaonekana linatosha.

Asubuhi ya kwanza ya kazi, Filemoni alijaza petroli, akanoa mnyororo, akaibeba chenso begani. Wegesa alichukua ndoo. Njia ilikuwa moja, wakafuatana, Wegesa mbele kwa sababu ndiye aliyeijua. Walipanda, wakateremka upande wa pili, pale kivuli kinapoanza na hewa inapokuwa na ubaridi. Mivule ilisimama imesongamana, na katikati yake maji yalikuwa yakitoka chini ya jiwe bila haraka.

"Utaanza na upi?" Wegesa aliuliza.

Filemoni aliitazama mmoja mmoja. Mkubwa kuliko yote ulisimama juu ya jiwe lile, mizizi yake imelikumbatia.

"Huu wa kwenye maji. Ukibaki, utazuia mingine kuanguka."

Wegesa aliweka ndoo chini.

"Basi ngoja nichote kwanza."

Filemoni alingoja. Ndoo ilijaa taratibu, naye hakumharakisha. Alimsaidia kujitwika, kwa mikono isiyotetemeka hata kidogo, lisimwagike hata tone, akamtazama akipanda kilima hadi alipopotea kwenye kona. Kisha akaweka breki na kuvuta kamba.